TV Imeharibika na Bado Iko na Waranti? Anza na Ujumbe wa Malipo

Ulinunua TV ya inchi 43, ukalipa kwa simu, ukaifikisha nyumbani salama. Mwezi wa tatu skrini inaanza kuonyesha mistari, au sauti inatoka na picha hakuna. Wateja wengi wakifika hapo hutupigia simu wakitaka malipo yarudishwe. Tuambiane ukweli mapema: kurudisha muamala ni kwa pesa zilizoenda usikokusudia, kwa mfano ukikosea nambari. Hapa pesa zilimfikia mwenye duka uliyetaka kumlipa, kwa hivyo wa kumdai ni yeye. Tunachoweza kukupa sisi ni ushahidi.

Ushahidi ni ule ujumbe wa malipo: jina la aliyelipwa, kiasi, tarehe, saa na nambari ya muamala. Usiufute. Simu ikipotea, omba taarifa ya miamala yako ya mwezi ule. Lakini ujumbe huo uko na pengo moja, na wenye maduka wakorofi wanalijua vizuri: hausemi ulinunua nini. KSh 28,500 zinaweza kuwa za TV, za friji ama za deni la zamani. Ndiyo maana unahitaji risiti inayotaja modeli, pamoja na kadi ya waranti yenye muhuri, tarehe na ile nambari iliyobandikwa nyuma ya TV. Zipige picha siku hiyo hiyo, maana wino wa risiti za mashine hufifia.

Na uwe macho ukiambiwa, "Tuma kwa namba yangu, till iko na shida." Jina litakalotokea ni la mhudumu, si la duka. Akiacha kazi, utakuwa na kazi ya kueleza.

Sasa TV imeharibika. Usiite fundi wa mtaani, hata kama ni jirani na kazi anaijua. Waranti nyingi hukataa TV iliyofunguliwa na mtu asiyetambuliwa na kampuni. Soma kadi pia: skrini iliyopasuka, maji na stima iliyorudi kwa nguvu kwa kawaida havimo. Rekodi video ya tatizo, kisha uandikie duka. Kupiga simu pekee hakuachi alama yoyote. Andika kitu kama hiki:

"Habari. Tarehe 4 Machi nilinunua kwenu TV ya inchi 43, nikalipa KSh 28,500 kwa till yenu. Tangu jana ina sauti bila picha. Nimeambatisha ujumbe wa malipo, risiti, kadi ya waranti na video. Naomba mniambie niilete lini."

Ukiiacha dukani, usitoke bila karatasi inayosema ilipokelewa lini na ikiwa na shida gani. La sivyo, wiki mbili baadaye unaweza kuambiwa ilikuja na ufa.

Usitarajie TV mpya papo hapo. Mara nyingi watajaribu kuitengeneza kwanza, na hiyo ni sawa. Kisicho sawa ni kuonyeshwa lile bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Bango haliwezi kuishinda sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. (Ukishaichoka rangi yake tu, hapo huna kesi.)

Wakiendelea kukuzungusha, waandikie barua yenye siku ya mwisho ya kujibu. Ikipita, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, si lazima uwe na wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Unapojaza madai, tumia jina la biashara lililo kwenye risiti na ujumbe wa malipo, kwa sababu lile la mlangoni linaweza kuwa tofauti kabisa na lililosajiliwa.