Kumfundisha Mwanachuo Kununua Kompyuta Mpakato ya Bei Nafuu

Mwaka jana, mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili alinijia ofisini akiwa amekumbatia mkoba wa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na kompyuta mpakato aliyoinunua wiki tatu zilizotangulia kwa fedha za mauzo ya ufuta wa baba yake. Mashine hiyo haikuwaka ila ilipochomekwa kwenye umeme, na ilipowaka mtu aliweza kwenda kuchemsha chai na kurudi kabla faili moja halijafunguka. Ripoti yake ya utafiti ilikuwa humo, na muda uliobaki kabla ya kuiwasilisha ulikuwa mfupi.

Muuzaji alimwambia kwamba ile ni Core i7, naye alijua, kama wengi wetu tujuavyo, kwamba saba ni zaidi ya tano. Tulipoifungua tuliona kuwa prosesa yake ni i7-2620M, iliyotoka mwaka 2011.

“Mwalimu, nilikosea wapi?” aliuliza.

Swali hilo lilinikaa moyoni. Tulikuwa tumemfundisha sehemu za kompyuta, tumemfundisha kuandika waraka na kupanga alama katika jedwali, na mitihani yote alifaulu. Kununua hatukumfundisha kamwe, hali ya kuwa fedha zile yumkini ndizo nyingi kuliko zote alizowahi kushika mkononi. Kwa sababu hiyo niliandaa vipindi vitatu, ambavyo navieleza hapa ili mkufunzi mwenzangu avijaribu na kuvirekebisha.

Kipindi cha kwanza: kazi hutangulia mashine

Juma moja kabla ya kipindi niliwataka wanachuo waandike katika daftari kila kazi waliyoifanya kwa kompyuta, kwa simu, au kwa kulipa katika duka la steshenari. Darasani tuliyakusanya ubaoni. Karibu kazi zote zilikuwa za namna moja: maandalio ya masomo, maazimio ya kazi, kusoma vitabu na vijitabu, ripoti, jedwali la alama, na kutuma faili. Wachache tu walihariri picha za video kwa ajili ya zana za kufundishia.

Hatua hii isirukwe. Mwanachuo ambaye hajaiona orodha ya kazi zake mwenyewe huenda dukani akabebeshwa orodha ya muuzaji. Tena, orodha yaweza kumwonyesha kwamba hahitaji kununua. Kijana mmoja aliiangalia yake akasema, “Mimi nimepungukiwa kibodi tu, sina haja ya kompyuta.” Simu yake ilikubali kuunganishwa na kibodi ya nje, na kwa mwaka ule ilimtosha. Nilimsifu mbele ya wenzake, kwa maana kuna aibu fulani siku hizi katika kukiri kwamba huna mashine.

Kwa waliosalia tuliafikiana juu ya kiasi cha chini: RAM ya GB 8, hifadhi ya aina ya SSD isiyopungua GB 256, na betri iwezayo kukaa saa tatu. RAM niliifananisha na meza ya kufanyia kazi, na hifadhi niliifananisha na kabati. Mwenye meza ndogo hulazimika kuinuka kila mara kwenda kabatini, na safari hizo ndizo tunazoziita uzito wa mashine. Windows 11 hudai RAM ya GB 4 kwa uchache, lakini mfumo wenyewe hukalia sehemu kubwa ya meza hiyo kabla ya mwanachuo kuweka hata karatasi moja.

Hapa huzuka swali la mashine mpya za bei ya chini, zenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bodi. Hifadhi ya namna hiyo hujaa upesi, wala fundi hawezi kuibadilisha kwa urahisi. Kwa maoni yangu, mwenye fedha kidogo ni heri anunue mashine ya mtumba iliyokuwa ya ofisini, kama vile Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad. Nyingi kati ya hizo ni ngumu, na aghalabu fundi huweza kuzifungua na kuzibadilishia betri na hifadhi.

Kipindi cha pili: kusoma jina

Niliandika majina manne ya prosesa kwenye kadi: i7-2620M, i5-6300U, i5-8250U na i3-1115G4. Kila kikundi kilipewa kadi hizo kizipange kutoka ile iliyo bora hadi ile iliyo duni kwa kazi za mwanachuo. Vikundi vyote viliweka i7 juu na i3 chini. Niliwaacha wakosee na kuutetea mpangilio wao; kosa lililotetewa kwa sauti halisahauliki upesi.

Kisha niliwapa ufunguo. Tarakimu inayofuata kistari hueleza kizazi: 2620 ni kizazi cha pili, 6300 cha sita, 8250 cha nane. Katika 1115 tarakimu mbili za kwanza husomwa pamoja, basi hiyo ni ya kumi na moja. Miaka yake ni 2011, 2015, 2017 na 2020. Kwa hiyo i3 ya mwaka 2020 yaiacha nyuma kwa mbali i7 ya mwaka 2011. Kikundi kimoja kiliuliza kama basi i3 hiyo yaishinda i5 ya kizazi cha nane. Jibu si jepesi, kwani ile i5 ina viini vinne na i3 hiyo ina viwili. Kwa kuandika ripoti, yoyote kati yake yafaa. Nilifurahi kuwa swali limetoka kwao.

Mkufunzi asiifanye kanuni hii kuwa ya daima. Intel ilianza kuiondoa herufi “i” katika majina ya prosesa zake mwishoni mwa mwaka 2023, na Ryzen za AMD zina hesabu yake nyingine. Iliyo salama ni kulinakili jina zima na kulitafuta kwa simu kabla ya kuafikiana bei.

Kizazi cha nane kina uzito wa pekee. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 hukubali rasmi kuanzia kizazi hicho, isipokuwa chache sana. Mashine za nyuma ya hapo hushuka thamani kwa sababu hiyo, na mnunuzi asiyejua hudhani amepata bahati. Sisemi zisinunuliwe kabisa. Mwenye moyo wa kujifunza aweza kuweka Linux, kama Ubuntu au Mint, pamoja na LibreOffice, vyote bila malipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu mwaka 2004, kwa hiyo njia hiyo si ngeni kwetu. Ila ajaribu kwanza kama faili atakalomtumia msimamizi wake litafunguka bila kuvurugika.

Kipindi cha tatu: sokoni bila fedha

Tulikwenda mjini asubuhi, wawili wawili, mmoja wa kuzungumza na mmoja wa kuandika. Sharti lilikuwa moja: asibebe mtu fedha ya kununulia. Asiye na fedha hashawishiki, hata akiambiwa, “Dada, hii ni ya mwisho, kuna mtu anaifuata saa nane.”

Kila jozi ilikuwa na karatasi ya ukaguzi. Mashine iwashwe ikiwa imezimwa kabisa, nayo muda uhesabiwe. Jina la prosesa lisomwe ndani ya mfumo, si kwenye kibandiko, kwa kuwa kibandiko hubandikwa na mtu yeyote. Vitufe vyote vibonyezwe, bawaba zifunguliwe na kufungwa, flashi ichomekwe katika kila tundu, na kioo kitazamwe kikiwa cheupe kote.

Betri ndiyo iliyotupa somo kubwa. Katika Windows, amri powercfg /batteryreport huandika ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilionao sasa. Jozi moja ilikuta mashine ambayo betri yake ilikuwa ya wati-saa 50, nayo sasa yashika 21. Tuliporudi darasani tulikokotoa: ikiwa mashine yatumia wati 10 katika kuandika, 21 kugawanya kwa 10 ni saa mbili na ushei. Muuzaji alikuwa ameahidi tano.

Jambo la pili ni kufuli. Baadhi ya mashine zilizotoka katika kampuni zina nywila katika mipangilio ya msingi, ile ifunguliwayo kabla ya mfumo kuanza, au bado zimesajiliwa kwa mwenyewe wa kwanza. Mashine ya namna hiyo yaweza kukataa kuwekewa mfumo mpya, au ikadai akaunti ya kampuni pindi tu inapounganishwa na intaneti. Ifunguliwe mipangilio hiyo, kisha iunganishwe na intaneti palepale dukani.

Sina budi kukiri kosa langu: nilizipeleka jozi zote katika mtaa mmoja, na wenye maduka wakakasirika, wakidhani tumetumwa kuwapeleleza. Mara ya pili nilizitawanya, nikaandika barua ya utambulisho, na baadhi ya mafundi wakawa walimu wetu.

Darasani tulimalizia kwa hesabu. Tuseme mashine ya kwanza yauzwa shilingi 380,000 lakini yahitaji betri ya 70,000 na SSD ya 80,000. Ya pili yauzwa 480,000 na haihitaji kitu. Ya kwanza imefikia 530,000. Wengi walikwisha kuichagua kabla ya kujumlisha.

Yule mwanachuo wa mwanzo aliwekewa SSD na Linux, akaandika ripoti yake maktabani karibu na soketi, akaiwasilisha siku ya mwisho. Betri ya mashine yake hakuipata, wala fedha hazikurudi, kwa maana risiti yake ilikuwa na tarehe na jumla tu. Nilipoandaa karatasi ya ukaguzi ya mwaka huu nilimwomba aisome. Aliongeza swali la chini kabisa, ambalo kila jozi sasa hulitanguliza: “Ikiharibika, nitairudisha kwa nani, ndani ya siku ngapi, na je, imeandikwa kwenye risiti?”