Usonji kwa Mtu Mzima: Pale Daktari Anaposema "Wewe Huna"

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kudumu maisha yote. Sehemu ya pili ya maelezo hayo husahaulika kwa urahisi, hata katika vyumba vya madaktari. Mwaka 1943, Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alichapisha habari za watoto 11 wenye hali hiyo. Wa kwanza miongoni mwao, Donald Triplett, alikua, akafanya kazi benki katika mji wake wa Forest, Mississippi, akaendesha gari, akasafiri nchi za mbali, na kufariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89.

Hata hivyo, mtu mzima anayefika kliniki akishuku kuwa ana usonji hupewa majibu yanayofanana: huo ni ugonjwa wa watoto, mbona unaongea vizuri, mbona unanitazama machoni, una shahada, una mke. Majibu hayo husikika kama hoja za kitabibu, lakini hakuna hata moja linalotosha kukanusha usonji. Mwongozo wa DSM-5, uliotolewa Marekani mwaka 2013, unataka dalili ziwe zilianza mapema utotoni. Kisha unaongeza kwamba huenda zisidhihirike kikamilifu mpaka matakwa ya kijamii yauzidi uwezo wa mtu, au zikafunikwa na mbinu alizojifunza baadaye.

Katika Afrika Mashariki, maamkizi ni mojawapo ya mbinu hizo. "Shikamoo", "marahaba", "habari za nyumbani" zina mpangilio usiobadilika sana, na mtu mwenye usonji aweza kuukariri tangu utotoni akautimiza bila kosa. Ugumu huanza maamkizi yanapokwisha na mazungumzo yasiyo na mpangilio yanapoanza. Macho nayo ni ushahidi dhaifu. Aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa hawezi kuhesabiwa dalili kwa hilo, wala aliyejizoeza kutazama paji la uso la daktari hawezi kuondolewa shaka kwa sababu hiyo.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha usonji. Utambuzi hutokana na historia ya ukuaji pamoja na uchunguzi wa mwenendo. Kwa hiyo mtu mzima hufaidika zaidi akifika na historia iliyoandikwa kuliko akifika na jina la hali peke yake. Sentensi "nasumbuliwa na kelele" haimsaidii daktari sana. Humsaidia zaidi kusoma kwamba mtu huyu aliziba masikio kila kengele ya shule ilipolia, kwamba mpaka leo hutoka ukumbini katikati ya kila harusi ya ukoo, na kwamba mabadiliko ya ghafla ya zamu kazini humkosesha usingizi. Maelezo yagusie pande zote mbili: mawasiliano na mahusiano, kisha mazoea ya kujirudia, kushikilia utaratibu, kuzama katika jambo moja, na hisi zilizo kali au hafifu kupita kawaida. Mama, shangazi au bibi aliyemlea aweza kueleza alivyocheza na alivyoanza kusema. Ripoti za shule nazo zina thamani. Kukosekana kwa mashahidi hao huifanya tathmini iwe ngumu zaidi, lakini hakuizuii.

Nchini Uingereza, mwongozo wa taasisi ya NICE wa mwaka 2012 unapendekeza dodoso fupi la AQ-10, lenye maswali 10. Anayepata alama 6 au zaidi hupewa nafasi ya tathmini kamili, na daktari mwenye sababu za kushuku aweza kuitoa hata kama alama hazikufika hapo. Dodoso, basi, haliamui.

Daktari ana haki ya kufikiria mambo mengine: sonona, hofu ya kijamii, athari za mateso ya zamani. Baadhi huambatana na usonji, na kupatikana kwa moja hakuondoi jingine. Hatari ipo katika haraka. Mgonjwa anayechukua maneno kama yalivyo, akiulizwa "Je, unasikia sauti?", aweza kujibu "ndiyo" kwa kuwa anaisikia sauti ya daktari, na jibu hilo likamfikisha kwenye dawa za saikosisi asizozihitaji.

Ombi lenyewe na liwe mahususi: rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia tiba, kwa tathmini ya hali za ukuaji wa ubongo. Likikataliwa, mgonjwa aweza kuomba kwa heshima sababu ziandikwe katika faili lake, kisha atafute maoni ya daktari mwingine. Sababu iliyoandikwa hujibika. Iliyosemwa mlangoni hupotea.

Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa watu wenye usonji hufa mapema kuliko wengine, na kwamba vifo vya kujiua vilijitokeza hasa kwa wasio na ulemavu wa akili, yaani wale wale wanaoambiwa hawana tatizo. Kwa sababu hiyo, daktari anayetilia shaka usonji bado anapaswa kumuuliza mgonjwa waziwazi kuhusu mawazo ya kujiua. Akikiri kuwa nayo, hudumiwe siku hiyo hiyo, bila kusubiri tathmini ya usonji ikamilike.