Miezi Mitatu Bila Nyavu: Kutoka Kuganga Njaa Hadi Kustawi

Kijitabu cha elimu kwa wavuvi, wakaushaji na wauzaji wa samaki wa Rumonge na mwambao wa Tanganyika

Kwa nini kijitabu hiki

Ziwa likifungwa, lalamiko ni lile lile kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac: tumenyang'anywa sahani. Lalamiko hilo hatulidharau, ila tunasema wazi kwamba limeelekezwa pasipostahili. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, ambazo zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa hili mwaka 2003 na kuweka makao ya Mamlaka yake Bujumbura, zimekubaliana kupumzisha uvuvi miezi mitatu kila mwaka, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Tarehe zinajulikana mapema. Upepo wa ghafla huzamisha mtumbwi bila kubisha hodi, lakini njaa ya Juni inatangazwa tangu Agosti iliyotangulia. Anayeingia Mei mikono mitupu hakuvamiwa na ziwa. Alivamiwa na kalenda ambayo hakuitazama.

Mvuvi wa ndagala, yaani dagaa wa ziwa hili, ameshazoea kupumzika. Kila mwezi mbalamwezi ikiiva, taa haziwaiti tena samaki, nyavu huanikwa, na familia hula kilichobaki. Kaya inayovuka siku hizo bila kukopa inaijua kanuni yote tunayotaka kuifundisha hapa, na kilichobaki ni kuirefusha. Kubangaiza ni kula mapato ya usiku ule ule na kumwachia Mungu usiku wa kesho. Kustawi huanza pale fedha za usiku mzuri zinapopangiwa kazi ya siku isiyo na samaki. Mwenye kipato kidogo anaweza kustawi, na mwenye mitumbwi miwili anaweza kubangaiza maisha yake yote.

Hatari tunayoiogopa kuliko zote

Hatari hiyo ni mkopo wa mtaani, ule ambao Warundi wengi wanauita Banki Lamberi ingawa hauna jengo wala kibao. Mkopeshaji huja Juni akiwa mpole, hudai karangamuntu (kitambulisho cha taifa), kadi ya benki au karatasi za kiwanja, na riba yake huhesabiwa kwa mwezi. Wengine hawadai karatasi. Hukopesha unga na kutaka walipwe kwa samaki ziwa likifunguliwa, kwa bei wanayoipanga wao. Kwa mkopo wa namna hiyo, samaki wa Agosti na Septemba wanakuwa wameshauzwa kabla nyavu hazijagusa maji, na msimu mpya unaanza kwa kulipa deni la msimu uliopita. Tunarudia: usiweke rehani karangamuntu. Tunarudia tena: usiuze samaki ambaye hajavuliwa.

Sanduku lifunguliwe Mei

Dawa ipo, na haihitaji mfadhili. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoanzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991 vimeenea Burundi nzima, na wengi mwambao wanavijua. Sanduku la chuma la kikundi lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu wasiolala nyumba moja. Fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, hisa hugongwa muhuri kwenye daftari la kila mwanachama, na mzunguko ukiisha kila mtu huchukua chake pamoja na faida. Mzunguko huo huchukua miezi tisa hadi kumi na miwili. Kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Mei ni miezi tisa kamili. Hata hivyo vikundi vingi hugawana Desemba, fedha zikaishia kwenye nguo za sikukuu, na Mei ikawakuta wanachama kama walivyokuwa. Agizo letu ni moja: kikundi cha watu wa ziwa kigawane katikati ya Mei, si Desemba.

Wapo wanaosema hakuna cha kuweka. Tuchukue mfano wa mvuvi anayetoka usiku kumi na minane kwa mwezi na kuweka faranga 2,000 kila anaporudi. Kwa miezi tisa anafikisha 324,000, yaani 108,000 kwa kila mwezi wa kufungwa. Hazitoshi kula vizuri, lakini zinatosha kumfungia Lamberi mlango. Anayekausha ndagala naye ana akiba asiyoihesabu: dagaa wanaoanikwa mchangani hubeba mchanga, mvua ikija huoza, na mnunuzi hushusha bei. Meza za wavu wa waya, ambazo FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, imezihimiza Burundi, huwaacha wapigwe hewa juu na chini. Kilo isiyooza ni akiba pia.

Wengine huhoji kwa nini tufunge ikiwa samaki wanapungua kwa sababu ya joto. Hoja hii ina uzito. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na kwamba hilo huenda limepunguza samaki kwa takriban asilimia 30. Joto hilo hatuwezi kulizima kutoka Rumonge. Lakini ziwa linalozaa kidogo ndilo linalohitaji kuachwa lizae, na ndagala, mwenye maisha mafupi na uzazi wa haraka, hulipa mapema. Kuna pia wanaosema jirani anavua sisi tukiwa tumekaa. Tanzania ilifunga upande wake, kuanzia Kigoma hadi Rukwa, mwaka 2024. Mwizi mmoja ng'ambo hakupi ruhusa ya kuiba.

Masharti kwa ufupi

Kikundi kiwe na watu 15 hadi 25 wanaojuana, kiwe na katiba iliyoandikwa, na mkopo wa ndani usizidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Sanduku likijaa, fedha zipelekwe COOPEC, ushirika wa akiba na mikopo. Tarehe za kufunga na kufungua ni zile za tangazo rasmi la mwaka husika. Mengine ulizeni kwenye mwalo wenu.

Hatuoni haya kusema kwamba ushauri huu ni bora kuliko magunia ya msaada, kwani gunia huisha na daftari hubaki. Lakini hautamsaidia anayeusoma Juni. Kikundi kiundwe Agosti, nyavu zinaporudi majini, na siku ya kugawana iandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari kabla faranga ya kwanza haijaingia sandukuni.