TWENDE MAPOROMOKONI, TURUDI SALAMA

Familia nyingi za Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Kimara zikipata nafasi wakati wa likizo huenda ufukweni. Mwezi huu tunawashauri mfikirie safari ya namna nyingine: kutembea kwa miguu hadi kwenye maporomoko ya maji katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Kupanda mlima taratibu huimarisha moyo, mapafu na misuli ya wakubwa na wadogo. Lakini mzazi ajue mapema kwamba mambo ya kuangaliwa zaidi huko ni mawili: maji na mbu.

1. Tunakwenda wapi?

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992. Ndani yake hakuna barabara za magari. Wageni hutembea kwa miguu wakiwa na mwongozaji. Ukitoka Dar es Salaam unapita Morogoro, na ukifika mji wa Mikumi unaiacha njia kuu ya Iringa na kushika ile ya Ifakara hadi Mang'ula, yaliko makao makuu. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa meta 170 hivi, na mzunguko wake huchukua kama saa nne. Wenye watoto wadogo waanze na maporomoko ya Prince Bernhard, ambayo ni mwendo mfupi kutoka Mang'ula. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, kwa kuwa wakati wa masika njia huteleza sana.

2. Kabla ya kuondoka

(a) Kila mmoja avae viatu vya kufunga vyenye soli isiyoteleza. Ndala zibaki nyumbani.

(b) Chukueni maji yaliyochemshwa, pamoja na ndizi, karanga au mihogo. Maji ya mtoni, hata yakiwa maangavu kama kioo, yanaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha.

(c) Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni, asiiache kwenye gari.

(d) Mtoto mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara, apumzishwe, wala asiogeshwe maji baridi ya mlimani. Baridi na upungufu wa maji mwilini vyaweza kumletea maumivu makali.

3. Tukifika penye maji

Mawe yenye ukoga huteleza kuliko sabuni. Mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote, na mtu mzima mmoja apewe kazi ya kuwaangalia watoto tu. Asipige picha wala kugawa chakula. Msiingie dimbwini bila ruhusa ya mwongozaji, wala mtu asirukie maji asiyojua kina chake. Mkiona maji yamebadilika rangi au yanaongezeka ghafla, tokeni upesi: huenda mvua imenyesha juu mlimani, ingawa mlipo kuna jua.

4. Tukirudi nyumbani

Bonde la Kilombero, lililo chini ya milima hiyo, ni eneo lenye malaria. Watoto wengi waliokulia mjini hawana kinga ya kutosha dhidi yake. Mkilala huko, laleni ndani ya chandarua chenye dawa, na jioni vaeni nguo za mikono mirefu.

Homa ya malaria kwa kawaida haianzi siku ileile. Huanza baada ya siku saba au zaidi, wakati safari imeshasahaulika. Basi mtoto akipata homa katika wiki zinazofuata, msimpe dawa ya kutuliza homa tu na kungoja. Mpelekeni zahanati siku hiyohiyo, apimwe damu, na mwambieni mganga kwamba mlisafiri. Neno hilo moja laweza kuokoa maisha.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Nani katika familia yetu anahitaji uangalizi wa pekee safarini?
2. Nani atawaangalia watoto tukifika penye maji?
3. Mtoto akipata homa siku kumi baada ya safari, tutafanya nini?