Kabla ya Kulipia Masomo ya Kihispania Ng'ambo

Mzazi wa Mufindi anayeuza shamba la miti ili mwanawe akasome Kihispania Buenos Aires, Argentina, kisha aingie chuo kikuu huko, atambue kwamba ananunua huduma mbili. Kumaliza kozi ya lugha hakumpi mwanafunzi nafasi chuoni. Tunashauri kila huduma iwe na mkataba na bei yake.

Wakala aulizwe mwanafunzi atafikia kiwango gani. Mtihani wa Kihispania uitwao DELE una ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2, na vyuo vikuu vingi huanza kupokea wanafunzi katika ngazi ya B2. Ahadi kwamba mtoto “ataongea vizuri” haina kipimo, hivyo ni vigumu kuidai baadaye.

Ada ya kozi ilipwe katika akaunti ya shule yenyewe. Mkataba utaje saa za masomo kwa wiki, malazi, na hasa kiasi kitakachorejeshwa iwapo viza itakataliwa. Kifungu hiki cha mwisho ni rahisi kusahauliwa, nayo miti iliyokwisha kukatwa hairudi shambani.

Wakala anayepeleka wanafunzi katika vyuo vikuu vya nje hutakiwa kusajiliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Mzazi wa Iringa au Mbeya aombe kuuona usajili huo kabla ya malipo ya kwanza. Akibaini baadaye kwamba alidanganywa, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Atuletee mkataba, risiti na ujumbe wote wa simu, ukiwamo ule wa kwanza uliotaja bei.