Nianze na ipi kati ya mvinyo za kusini mwa Italia?

SWALI: Nimealikwa kuonja mvinyo za kusini mwa Italia. Majina kama Fiano na Aglianico ni mageni kwangu. Nianze na ipi, na nitafute nini?

JIBU: Anza na nyeupe, kisha nyekundu nyepesi, umalizie na nzito. Ukianza na nzito, ulimi hautazitambua zile laini.

Fiano, ya Campania, ni nyeupe yenye harufu ya asali na njugu. Isiwe baridi mno. Nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi zinatosha, la sivyo harufu hufifia.

Fuata na Nerello Mascalese, inayolimwa kwenye miteremko ya volkano ya Etna, Sicilia. Usidanganywe na wekundu wake hafifu: ina uchachu na ukakasi wa kutosha.

Primitivo ya Puglia ni nzito, ina ladha ya matunda yaliyoiva sana, na kileo chake mara nyingi hufika asilimia 14 au zaidi. Kinasaba ni zabibu ileile iitwayo Zinfandel kule California.

Aglianico iwe ya mwisho. Ukakasi wake hukausha fizi kama ndizi mbichi, ndiyo maana Taurasi, mvinyo wake maarufu, kisheria hukomazwa angalau miaka 3. Ionje pamoja na nyama au jibini gumu, ukakasi utapungua.

Mimina kidogo, nusa kabla ya kuonja, na usione haya kutema. Hata wataalamu hutema.