Kabla ya kulipia safari ya kuzamia, hesabu mwezi

Picha inayouza safari za kuzamia ni ileile miaka nenda miaka rudi: duara la buluu iliyokoza kwenye bahari ya Belize, limepigwa kutoka angani. Shimo hilo, Great Blue Hole, lina upana wa mita 300 hivi na kina cha mita 124, na Jacques Cousteau ndiye aliyelipa umaarufu alipofika na meli yake mwaka 1971. Anayelipia safari kwa kuvutiwa na picha anateremka pembeni mwa ukuta kwenye mwanga hafifu hadi karibu mita 40, anatazama nguzo za mawe zilizoning'inia tangu pango lilipokuwa nchi kavu, anakaa hapo dakika chache tu, kisha anaanza kupanda. Samaki ni wa kuhesabu. Aliyepita juu kwa ndege ndogo ameona sehemu iliyo nzuri zaidi, tena hakulowa.

Safari ya kuzamia huchaguliwa kwa maji: yakoje mwezi unaokwenda, yanakimbia kiasi gani, na cheti chako kinakuruhusu kushuka mpaka wapi. Ukishapata majibu hayo utaona orodha ya mahali maarufu duniani ikipungua yenyewe, na Mafia na Pemba zikipanda juu.

Tuanze na cheti. Cha kwanza, ambacho wengi wanakiita Open Water, kinakufikisha mita 18. Kinachofuata, mita 30. Mita 40 ndio mwisho wa anayezamia kwa starehe. Kozi ya kwanza huchukua siku tatu au nne: masomo, mazoezi kwenye bwawa, halafu mbizi nne baharini. Utatakiwa uogelee mita 200 bila kusimama, hata kwa mwendo wa kobe, na uelee dakika 10. Kama hujui kuogelea, jifunze kwanza, na umkimbie mwalimu anayesema jaketi litakubeba. Kwa dada zetu wanaovaa hijabu hakuna shida: suti ya kuzamia hufunika kuanzia shingoni hadi kwenye kifundo cha mguu, na kofia yake hufunika nywele. Juu yake vaa fulana pana.

Kuna pia fomu ya afya. Pumu, kifafa, moyo, upasuaji wa kifua au wa masikio: ukijibu ndiyo popote, daktari lazima atie sahihi. Wapo wanaojibu hapana kote ili wasipoteze siku. Usithubutu. Pafu lenye pumu linaweza kunasa hewa, na hewa iliyonaswa kwenye kina cha mita 10 hutanuka mara mbili ukifika juu. Mafua nayo yanatosha kukubakiza ufukweni, kwa sababu masikio hayatazibuka. Ukiwa mzima, bana pua na upulize taratibu kila unaposhuka mita moja, kabla maumivu hayajaanza. Likigoma sikio moja, panda kidogo ujaribu tena.

Kina kina hesabu yake. Kila mita 10 zinaongeza uzito wa anga nzima juu ya mwili wako, na hewa unayovuta hukandamizwa vivyo hivyo. Mtungi utakaokupa dakika 60 kwenye mita 10 utakupa nusu yake kwenye mita 30. Ndiyo maana mgeni anayekimbilia kina hurudi juu mapema kuliko wenzake waliobaki kwenye mwanga, ambako rangi ni nyingi na samaki ni wengi zaidi.

Sasa mwezi. Wavuvi wa mwambao hawahitaji kufundishwa hili, lakini wanaotoka bara hulipia chumba kwa kutazama siku za likizo peke yake. Kwenye pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, na maji yote hayo lazima yapite kwenye milango ya miamba. Siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, mkondo kwenye mlango kama Kinasi, pale Ghuba ya Chole kisiwani Mafia, unaweza kukuchukua upende usipende. Karibu na tarehe 8 na 22 za mwezi wa Kiislamu ni maji mafu. Mkondo hulegea na mtu anaweza kumtazama chewa bila kupigana na bahari. Basi fungua kalenda ya Kiislamu kabla ya ile ya likizo. Aliyetoka kwenye kozi juzi achague maji mafu. Bamvua waachie wanaopenda kubebwa.

Saa nayo ni muhimu. Ghuba ya Chole ina mikoko, na Mafia yenyewe iko mkabala na delta ya Rufiji, kwa hiyo maji yanapokupwa hutoka na uchafu wa huko. Yanapojaa huingiza maji safi ya bahari kuu. Nahodha anayejua kazi yake huipanga mbizi ya Kinasi wakati wa maji kujaa, hata kama ni saa 1 asubuhi na wageni wanadai chai kwanza. Ukiambiwa kwamba boti huondoka saa ileile kila siku, uliza kwa nini, maana maji husogea kwa takriban dakika 50 kila siku.

Ukishuka pale kaa chini, karibu na mwamba, ambako mkondo hupungua nguvu, na uache mikono itulie. Kolekole husimama kwa kundi wakiukabili mkondo, hawasogei hata shubiri. Chini yao, kwenye nyufa, utamkuta mkunga ametoa kichwa, anafungua na kufunga mdomo. Wengi hudhani anatisha watu. Anapumua tu, hivyo ndivyo anavyopitisha maji kwenye matamvua yake. Usishike kitu. Matumbawe ya ukanda huu yalipauka vibaya mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, na pezi moja la mgeni asiyejua kujisawazisha huvunja kwa sekunde kilichochukua miaka kukua. Mafia ndiyo hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania, tangu 1995, na kuna ada ya kuingia. Nenda na kitambulisho ili utozwe kiwango cha raia.

Papa potwe, wale wakubwa wenye madoa, huja upande wa pili wa kisiwa karibu na Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi Februari. Wanakula karibu na uso wa maji. Miwani na mapezi vinatosha kabisa kuwaona, kwa hiyo usikubali kulipia mtungi.

Kuhusu majira: kusi ikivuma, Juni hadi Agosti, upande wa nje wa Mafia haufai na watu huzamia ndani ya ghuba. Tanga mbili, Oktoba na Novemba, halafu Machi kabla masika hayajakolea, ndipo bahari inapotulia. Pemba imetenganishwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na kuta zake huporomoka gizani moja kwa moja. Kwa mwenye uzoefu, sijui mahali pengine Afrika Mashariki panapoishinda. Mgeni abaki upande wa kisiwa cha Misali uliojikinga, na yeyote anayezamia Pemba abebe boya la kupuliza, lile refu la rangi ya chungwa, kwa sababu ukipandia mbali na boti kwenye mawimbi kichwa chako hakionekani. Mnemba ni pazuri, ila Julai na Agosti boti za kuwakimbiza pomboo zimekuwa nyingi mno. Nenda alfajiri, la sivyo tafuta pengine. Kwa kujifunza, miamba ya Bawe na Murogo mbele ya Mji Mkongwe inatosha kabisa, na Diani na Watamu vilevile.

Kabla hujalipa, nenda uone anayekushusha. Waombe wakuonyeshe mtungi wa oksijeni wa dharura, na waufungue mbele yako, maana mtungi wa oksijeni ulio mtupu ni pambo. Uliza kiongozi mmoja anachukua watu wangapi; wakizidi wanne na maji yana nguvu, ongea na wengine. Angalia kompresa inavuta hewa kutoka wapi: bomba lake likiwa karibu na moshi wa jenereta, ondoka. Kwenye boti, vuta pumzi ya kwanza kutoka mtunguni ukiwa umekaa. Hewa nzuri haina harufu wala ladha. Ukisikia mafuta, badilisha mtungi. Kisha vuta mara mbili kwa nguvu huku macho yako yakiwa kwenye geji. Mshale unapaswa kutulia karibu na 200. Ukianguka na kurudi kila unapovuta, koki haijafunguliwa vizuri, na ukishuka hivyo utakosa hewa kadiri unavyokwenda chini. Ukaguzi huu hauchukui hata dakika moja, na hakuna kiongozi wa maana atakayeudhika.

Ukitoka nje ya Afrika Mashariki, nenda Bahari ya Shamu kwanza. Ni karibu, Misri ina bei za kila mfuko, na ndiko iliko meli iliyozama ambayo ningempeleka mtu yeyote mwenye cheti cha mita 30. SS Thistlegorm ya Uingereza, yenye urefu wa mita 128, ilipigwa mabomu na ndege za Ujerumani usiku wa tarehe 6 Oktoba 1941 ikiwa imetia nanga kwenye mlango wa Ghuba ya Suez. Kwa kukwepa vita vya Mediterania ilikuwa imeizunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema na kupanda kwenye pwani yetu hii. Sasa imekaa wima kwenye kina cha mita 30 hivi, na shehena yake bado imo: malori, pikipiki za BSA zilizopangwa juu ya malori, bunduki, mabuti. Vichwa viwili vya treni vilirushwa na mlipuko vikaanguka mchangani pembeni.

Mbinu ya pale ni kuzamia mara mbili. Ya kwanza zunguka nje, uijue meli na mkondo. Ya pili ingia kwenye ngama na tochi, nyuma ya kiongozi, bila kuchokoa tope. Boti za siku moja kutoka Sharm el Sheikh huondoka kabla ya mapambazuko na kukukutanisha na umati. Boti za kulala majini ni ghali zaidi, lakini unaingia alfajiri ukiwa na meli yote kwako, na tofauti hiyo ina thamani yake. Watu tisa walikufa meli hiyo ilipozama. Usitoke na kitu mkononi.

Huko kupwa na kujaa ni kidogo, kwa hiyo kalenda ya mwezi pumzisha. Adui ni baridi. Kati ya Januari na Machi maji hushuka hadi nyuzi 21 au 22, na mtu aliyezoea Bahari ya Hindi atatetemeka kwenye mbizi ya pili. Omba suti ya milimita 5 na kofia. Ramadhani ahirisha, au zamia usiku baada ya kufuturu na kunywa maji ya kutosha. Mwili uliokauka haupendi nitrojeni. Na Dahab, huko huko Misri, kwenye Blue Hole yao, kuna tao chini ya maji kwenye mita 55 hivi linaloita vijana. Jabali la ufukweni limebandikwa vibao vya majina ya waliokufa. Ukiambiwa twende tukalione, kataa.

Mwenye jamaa Maskati asisahau visiwa vya Daymaniyat, safari fupi ya boti kutoka mjini. Kasa ni wengi, miamba haina kina kirefu, na mwenye cheti cha kwanza anatosha. Maji ya kiangazi yana matabaka ya baridi yanayokupiga ghafla, usivae suti nyepesi. Kukanyaga visiwa ni marufuku Mei hadi Oktoba kwa ajili ya mazalia.

Sehemu za mbali subiri kidogo. Raja Ampat huko Indonesia ni kweli kama inavyosifiwa: mtaalamu wa samaki Gerald Allen alihesabu aina 374 katika mbizi moja pale Cape Kri mwaka 2012. Lakini mikondo yake haina huruma. Kwenye Blue Corner ya Palau watu hujifunga kwenye mwamba kwa ndoano na kamba ili kutazama papa bila kuchukuliwa. Hapo si pa kujifunzia. Silfra ya Iceland, maji ya nyuzi 2 hadi 4, inataka suti kavu na mafunzo yake.

Mwisho, panga kurudi. Nitrojeni iliyoingia mwilini hutoka taratibu, na ukipanda juu mapema hufanya mapovu kwenye viungo na mishipa. Baada ya mbizi moja subiri saa 12 kabla ya ndege. Baada ya siku kadhaa za kuzamia, saa 18 au zaidi, hata kama ni kile kindege cha Mafia hadi Dar es Salaam. Watu wengi hulijua hilo kwa ndege na kulisahau kwa barabara. Nairobi iko juu ya mita 1,600, Arusha na Lushoto karibu 1,400, na mwili haujali kama umepanda kwa ndege, basi au SGR. Jabal Musa kule Sinai ina mita 2,285: ipande kabla ya kuzamia. Ukitoka majini Diani Jumapili saa 5 asubuhi, treni ya mchana huo si yako. Kata tiketi ya Jumatatu.